Miezi 14, faida Sh 18,948: niendelee au nitoe?

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 27, kipato changu kwa wastani ni Sh 400,000 kwa mwezi. Tangu mwaka jana naweka Sh 20,000 kila mwezi kwenye Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS. Juzi nimeangalia salio baada ya miezi 14: nimeweka 280,000, nimekuta 298,948. Faida elfu kumi na nane, haifiki hata nusu ya bei ya pasi! Rafiki yangu ameingia kwenye programu ya simu inayolipa asilimia 3 kwa siku na ananisisitiza nitoe zangu nimfuate. Pia nilijiunga na mafunzo ya kushona gauni zenye bitana na zipu ya kuficha, nikaacha wiki ya tatu maana sikuona tofauti. Kila mtu ananiambia haba na haba hujaza kibaba. Mbona changu hakijai? Nina mchezo wa 5,000 kwa wiki, tuko watu 12. Akiba nyingine sina."

Jibu:

Dada yangu, usitoe. Na ile programu ya rafiki yako usiiguse, nitakuonyesha kwa nini. Lakini kukuambia "vumilia" tu kutakuwa kukuacha pale ulipo, kwa hiyo tuifungue hiyo 18,948 tuone ndani yake kuna nini. Imenifurahisha kwamba umeiandika mpaka shilingi ya mwisho, maana bila hivyo nisingeweza kukujibu vizuri.

Nimepiga hesabu: salio lako linalingana na ukuaji wa karibu asilimia 1 kwa mwezi. Wewe unaangalia 280,000 na miezi 14, ndiyo maana faida inaonekana kama masihara. Ila 280,000 haijakaa miezi 14. Ile 20,000 ya kwanza imekaa miezi 13, ya pili 12, ya tatu 11, na ya mwisho umeiingiza juzi, haijafanya kazi hata siku. Ukichukua wastani, pesa yako imekaa miezi sita na nusu. Asilimia 6.5 ya 280,000 ni 18,200. Inabaki 748.

Hiyo 748 naomba uitazame vizuri. Ndiyo faida iliyozaliwa na faida, maana ile 18,200 imezaliwa na pesa yako mwenyewe. Leo 748 haitoshi hata kula mchana. Ukiendelea na 20,000 ileile, kwa kasi ileile ya asilimia 1 kwa mwezi, baada ya miezi 120 utakuwa umeweka 2,400,000 na salio litakuwa kama 4,600,000. Katika hiyo faida ya 2,200,000, sehemu iliyozaliwa na faida peke yake ni karibu 773,000. Miezi 14, 748. Miezi 120, 773,000. Mstari huu haupandi kama ngazi. Kwa miaka ya mwanzo unalala karibu chini kabisa, na hapo ndipo watu wengi hutoa pesa zao, kwa sababu kwa macho hakuna kinachoendelea.

Kibaba, kwa wasiojua, ni robo ya pishi. Ni kipimo kidogo, kinajaa upesi. Nadhani tatizo letu wengi ni kwamba tunataka gunia lijae kwa muda wa kibaba.

Kuna siku moja nataka uiweke akilini: mwezi wa 70. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, salio lako litafika 2,000,000 karibu na mwezi wa 70, yaani miaka mitano na miezi kumi tangu uanze. Siku hiyo faida ya mwezi mmoja itakuwa 20,000, sawasawa na unachoweka wewe. Kabla ya hapo wewe ndiye unayeusukuma mfuko, baada ya hapo mfuko unakuzidi nguvu. Na anayeweka 200,000 kwa mwezi naye atafikia hali hiyo mwezi uleule wa 70, kwa sababu inatokea salio linapokuwa mara mia ya kile unachoweka. Tajiri hafiki mapema kwa utajiri wake. Wewe umeshatembea miezi 14 kati ya 70.

Sasa tahadhari mbili kabla hujaichora hiyo tarehe ukutani. Ya kwanza, mfuko wa vipande, yaani mfuko wa pamoja ambao pesa za wengi zinawekezwa kwa pamoja na kila mmoja anamiliki vipande vyake, hauahidi asilimia 1 kwa mwezi. Umoja una hisa (sehemu za umiliki wa kampuni) na hatifungani (mikopo inayolipa riba) ndani yake, kwa hiyo upo mwezi thamani ya kipande itapanda vizuri, upo itakaposimama, na inaweza hata kushuka. Mimi natumia asilimia 1 kama futi kamba ya kupimia tu. Ya pili, pesa ya miaka kumi ijayo si pesa ya leo. Mfumuko wa bei Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Ukibaki hapo, ile 4,600,000 itanunua vitu vya kama 3,420,000 ya leo. Bado ni zaidi ya 2,400,000 uliyoweka. Ila anayekupigia hesabu za miaka kumi bila kutaja mfumuko wa bei, mwombe aanze upya.

Nikupe hesabu ambayo ningependa kila mwekezaji mdogo aipige mwenyewe. Unadhani shida yako ni asilimia, kwamba mfuko unalipa kidogo. Tuseme umepata mahali halali panapokupa asilimia 15 kwa mwaka badala ya 12, yaani ile 1 kwa mwezi. Hiyo ni tofauti kubwa, watu wanahangaika sana kuipata. Kwa 20,000 yako ya kila mwezi, baada ya miaka kumi ungekuwa na kama 5,500,000 badala ya 4,600,000. Umeongeza 900,000. Haya, sasa acha asilimia palepale kwenye 12, na badala yake kila mwaka ongeza 5,000 juu ya kiwango chako cha mwezi: mwaka wa kwanza 20,000, wa pili 25,000, wa tatu 30,000, hadi wa kumi 65,000. Utamaliza na karibu 8,670,000. Ni kweli utakuwa umeweka zaidi mfukoni mwako, jumla 5,100,000, lakini tazama kilichotokea: nyongeza ya 5,000 kwa mwaka imekuzidishia zaidi ya 4,000,000, huku kukimbizana na asilimia tatu kumekuletea 900,000.

Mtaji ukiwa mdogo, kinachoukuza ni kile unachoweka, na unachoweka kinatoka kwenye mikono yako. Kwa hiyo swali lako la pili, lile la mafunzo uliyoyaacha, ndilo swali la uwekezaji hasa. Uliliweka mwishomwisho kama jambo dogo. Mimi nalileta mbele.

Tuchukue zipu ya kuficha. Wateja wanaijua kwa macho hata kama hawajui jina lake: gauni likifungwa mgongoni unaona mshono tu, kishikio kidogo cha juu ndicho kinachoonekana. Ikikosewa, inakosewa sehemu tatu. Meno yanaonekana kwa nje kwa sababu fundi hakushona karibu nayo. Kiuno hakikutani, upande mmoja uko juu ya mwingine, na kila mtu aliyekaa nyuma ya mvaaji kwenye sherehe anaona. Au chini, zipu inapoishia, kitambaa kinavimba kama jipu.

Kila kosa lina sababu yake na linajifunzwa peke yake. Meno ya zipu hii yanajikunja kwa asili, kwa hiyo kabla ya kushona unaifungua zipu na kuyalaza kwa pasi ya vuguvugu upande wa ndani. Pasi ikiwa kali nailoni inayeyuka na zipu imekwisha. Kwa kiuno, unaweka alama ya chaki pande zote mbili za gauni na kwenye utepe wa zipu pande zote mbili, kisha unapiga bandi (mshono wa muda wa mkono) kwanza ndipo upitishe cherehani. Kuvimba kwa chini kunatokana na kufunga mshono wa mgongo kabla ya zipu, au kushona zipu hadi mwisho kabisa: simamisha cherehani sentimita 2 kabla ya mwisho, funga zipu uikague, halafu malizia mshono wa chini ukiwa umebadili kiguu cha cherehani. Kiguu cha zipu ya kuficha kina mifereji miwili chini, ndiyo inayoyainua meno ili sindano ipite jirani. Bila kile kiguu utateseka bure na kujiona huna kipaji.

Wiki ya tatu hukuona tofauti kwa sababu, nakisia, ulikuwa unajifunza gauni zima: bitana, zipu, mkono, shingo, vyote siku moja, na gauni lote likitoka baya huwezi kujua ni wapi umepanda na wapi umebaki. Jifunze kitu kimoja. Chukua vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kapu lako, kata vipande viwili vya sentimita 30 kwa 15, shona zipu, ikague, fumua, shona tena. Mara moja kila jioni kabla hujafunika cherehani, siku sita za wiki. Zipu moja itafumuliwa mara nne au tano kabla utepe haujachakaa, kwa hiyo zipu nne au tano zinatosha mazoezi ishirini na kitu. Kila jaribio liandikie mambo matatu tu: meno yanaonekana au hayaonekani, alama za kiuno zimepishana kwa milimita ngapi, chini pamelala au pamevimba. Ukiona kiuno kimepishana milimita 6, kisha 5, kisha 5, kisha 2, hapo umeiona tofauti uliyoitafuta. Ilikuwepo hata wiki ya tatu, ila haikuwa na mahali pa kuonekana. Ukifikisha chini ya milimita 1 mara tano mfululizo, zipu umeimaliza, nenda kwenye bitana.

Na hesabu yake ni hii. Ukishona gauni nne kwa mwezi na ukaongeza Sh 2,500 tu kwa kila moja kwa ajili ya umaliziaji mzuri, ni 10,000 kwa mwezi. Nusu iende kwenye mfuko, hiyo ndiyo nyongeza yako ya 5,000 ya mwaka huu. Nusu nunulia zipu bora na kiguu. Usipandishe bei kwa wateja wote siku moja. Anza na wateja wapya, hawana bei ya zamani ya kulinganisha.

Sasa namna ya kuweka yenyewe, maana hapa ndipo mipango mizuri hufia.

Umesema "kila mwezi 20,000". Fundi cherehani hana mshahara, ana misimu. Desemba na Januari kuna Krismasi na sare za shule, sikukuu za Idi zina heka heka zake, halafu inakuja Februari na Machi watu hawana kitu. Anayejiwekea kiwango kimoja cha mwaka mzima kwa kutazama Desemba, Machi inamvunja moyo. Mimi ningekushauri utoe kidogo kila siku ya kazi unapofunga, tuseme 1,000, uiweke kando ya pesa ya kula. Siku 25 za kazi ni 25,000. Siku ambayo hakuna mteja usitoe, usijidai. Msimu ukichanganya toa 2,000. Mwisho wa mwezi unapeleka yote kwa mkupuo mmoja.

Kwa mkupuo mmoja nasema kwa makusudi, kwa ajili ya makato. Tuseme kutuma kwa simu kunakukata 500. Kwa 20,000 hiyo ni asilimia 2.5, yaani faida ya miezi miwili na nusu imekwenda kabla pesa haijafika. Ukituma 5,000 kila wiki kwa makato hayohayo umejikata asilimia 10, umeshapoteza karibu mwaka. Angalia makato ya mtandao wako na ya benki, fuata njia ya bei nafuu. Jua pia kiwango cha chini cha kuongeza kwenye mfuko wako, kwa sababu hicho ndicho cha kuweka mwezi ukiwa mbaya kabisa. Mwezi mmoja kupita mtupu si msiba. Miwili mfululizo ndiyo hatari, kwa kuwa wa tatu hauji. Sijui kwa nini iko hivyo lakini iko hivyo kwa watu wengi mno.

Lililonitia wasiwasi kuliko yote kwenye barua yako ni maneno matatu: "akiba nyingine sina". Cherehani ikivunjika mota wiki ijayo, au mtoto wa dada yako akalazwa, pesa itatoka kwenye mfuko. Ikikosekana huko, itatoka kwa watu wa kausha damu, na hao wanajulikana riba zao. Tupige gharama ya kuvunja: ukifika mwezi wa 36 utakuwa na kama 861,000. Ukizitoa zote kwa ada ya shule au msiba kisha ukaanza upya na 20,000 yako, mwezi wa 120 utakuwa na 2,613,000 badala ya 4,600,000. Ile 861,000 imekugharimu karibu 1,987,000. Kwa hiyo mlinzi wa mfuko ni akiba ya dharura, na hiyo huna.

Ipo njia, nayo unayo tayari: mchezo. Watu 12 kwa 5,000, zamu yako ni 60,000. Zamu nyingi za mchezo huishia kwenye kitenge na vyombo, na sikulaumu. Lakini zamu zako tano zijazo zikienda dharura utakuwa na 300,000, ndani ya wiki 60 hivi. Iweke mahali unapoweza kuifikia ndani ya siku moja au mbili, ila si kwenye laini ile unayopokelea pesa za wateja. Akaunti ya benki isiyo na makato ya kila mwezi inafaa. Benki zenye leseni zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, hadi Sh 7,500,000 kwa mteja. Faida usiitafute hapo. Kazi ya pesa hii ni kuwepo. Mchezo wenyewe usitegemee kama dharura, kwa kuwa ugonjwa hausubiri zamu, na mwenzenu mmoja akihama mji mnajua kinachofuata.

Kumbukumbu: nunua daftari dogo, chora safu nne. Tarehe, jumla niliyoweka tangu mwanzo, salio, maelezo mafupi. Mstari wa kwanza wa kuandika ni huo ulionitumia, 280,000 na 298,948. Salio liandike mara moja kwa miezi mitatu, basi. Anayefungua salio kila siku anaona kelele: kipande kimepanda senti, kimeshuka senti, anapata furaha na huzuni ambazo hazina maana yoyote. Jumla uliyoweka iandike kila mwezi, kwa sababu hiyo iko chini ya mkono wako.

Nirudi kwa rafiki yako. Asilimia 3 kwa siku. Asiwe na hasira nasi, tumpe kalamu tu. Shilingi moja ikikua asilimia 3 kila siku, baada ya siku 365 inakuwa zaidi ya shilingi 48,000. Akiweka 300,000 na kuacha ikue, mwakani siku kama ya leo atakuwa na zaidi ya bilioni 14. Hakuna duka, benki, mgodi wala shamba duniani linalofanya hivyo, kwa hiyo anacholipwa hakitoki kwenye biashara. Kinatoka kwa aliyejiunga baada yake, na ndiyo maana anakusisitiza wewe. Watu wazima wa hapa nyumbani wanaikumbuka DECI, mchezo wa upatu, watu walivyokuwa wakipanga foleni "kupanda mbegu" ili wavune, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Wa kwanza hulipwa kweli. Malipo hayo ya kwanza ndiyo tangazo, na ndiyo yanayowafanya watu waaminifu kama rafiki yako wawaite ndugu zao kwa nia njema. Mwambie atoe leo, akiweza. Akijibiwa kwamba lazima kwanza alipie "kodi" au "kufungua akaunti" ndipo atoe, asilipe, iliyomo imeshakwenda. Anayekusanya pesa za watu kuwekeza Tanzania anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kuuliza kwao ni bure.

Lakini nisikudanganye kwamba subira inatibu kila kitu. Kuna subira ya kungoja mti uzae na kuna kungoja mti uliokauka, na kwa nje zinafanana. Tazama hisa. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa Sh 150. Kufikia 2014 na 2015 bei ilikuwa imepita 300. Mwaka 2019 ilikuwa imerudi chini ya ile 150 ya mwanzo, miaka kumi baadaye! Kisha ikapanda, na 2023 ilipita 400. Aliyeuza 2019 kwa kuchoka aliumia, aliyesubiri alivuna. Ila Vodacom Tanzania iliuzwa kwa 850 mwaka 2017 na ikakaa miaka mingi chini ya hapo, na waliosubiri hawakuwa na subira pungufu. Tofauti haikuwa tabia ya mwekezaji. Ilikuwa kampuni inapata nini na inagawa nini. Ndiyo maana kwa sasa mfuko wa pamoja unakufaa kuliko hisa ya kampuni moja: ndani yake kampuni moja ikilala, nyingine zinaubeba.

Mfuko wenyewe nao uupime, ila kwa mwaka na si kwa wiki. Linganisha ukuaji wake wa miaka mitatu na mifuko mingine ya aina yake, na mfumuko wa bei. Ukiwa nyuma ya yote mawili kwa miaka mitatu, hama bila majuto. Usihame kwa sababu ya bei ya kipande. Kosa hili liko kila mahali: mtu anaona mfuko mmoja kipande ni 1,000 na mwingine 400, anasema wa 400 ni rahisi. Kwa 20,000 unapata vipande 20 kule na 50 huku; vyote vikikua asilimia 12 unapata 2,400 kotekote. Na kabla ya kuhama, uliza kama kuna makato ya kuuza. Baadhi ya mifuko hukata asilimia 1, ambayo kwako ni faida ya mwezi mzima.

Wengi hukimbilia kuuliza hatifungani za serikali. Kwenye mnada wa Benki Kuu unaanzia 1,000,000, na zinalipa riba kila miezi sita. Hujafika. Ukifika, kumbuka riba ile inakuja mkononi, haijirudishi yenyewe. Ukiila, ile 748 yako haizaliwi tena. Na ukiuza kabla ya kuiva wakati riba za soko zimepanda, utauza kwa hasara. Tuliache hilo kwa barua nyingine.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi: nunua daftari na kiguu cha zipu, mwambie mweka hazina wa mchezo zamu yako unaihitaji taslimu, na kuanzia mwezi ujao peleka 25,000. Miezi 12 kuanzia hapo, safu ya pili ya daftari isome 580,000. Ya tatu itasoma karibu 653,900 ikiwa mfuko umeenda kwa asilimia 1 kwa mwezi, zaidi au pungufu kadiri soko lilivyokuwa. Niandikie namba zote mbili, pamoja na milimita za kiuno.